Mafuta ya Bunduki

Wanaonijua kwa kazi yangu ya ualimu huenda wakashangaa kuona nimeshika kalamu kuandika juu ya bunduki. Sikupata kuwa mwindaji, na siku nilizobeba silaha maishani mwangu ni zile za Jeshi la Kujenga Taifa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulipotoka chuo cha ualimu na kabla hatujakabidhiwa ubao na chaki. Lakini swali ninalotaka kulitafakari hapa si la bunduki peke yake. Ni hili: je, kutunza kitu ni wema, hata kama kitu chenyewe kimeundwa kwa ajili ya kuua?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa jepesi. Baada ya mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ilipotupeleka sote shambani, walimu na wanafunzi, shule niliyofundisha ilikuwa na stoo ya majembe, mapanga na mafyekeo. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliweka sheria moja ambayo watoto waliichukia kuliko viboko: hakuna jembe kulala na udongo. Kila mmoja alikwangua jembe lake, akaliosha, akalikausha, kisha akalipangusa kwa tambara lililochovywa katika oili chafu ya gari. Niliwaambia kwamba mtu asiyejali jembe hatajali daftari, na asiyejali daftari hatajali mtoto wa mwenzake. Mpaka leo nayaamini maneno hayo. Utunzaji ni namna ya kukiri kwamba kitu hiki kimetengenezwa na jasho la mtu, na kwamba baada yangu atakuja mwingine atakayekihitaji.

Sasa, jembe ni jembe. Hebu tuitazame bunduki.

Chuma ni kitu chenye hamu ya kurudi kilikotoka. Kimechimbwa ardhini kikiwa mawe mekundu, kikatiwa moto mkali, kikatenganishwa na oksijeni iliyokishika. Kikipata maji na hewa, kinairudia oksijeni ile, nayo ndiyo kutu. Chumvi huharakisha jambo hilo, na ndiyo sababu sisi tulioishi Lindi na Mtwara tunajua bati la pwani halina umri wa bati la bara. Hata jasho la mkono lina chumvi. Kule jeshini kila kuruta alijifunza hili kwa njia ngumu. Afande alikuwa akichukua bunduki ya mmoja wetu, anatoa kile kipande cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma, ambacho kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa kama kijiko, na kukishika juani. Palipokuwa na alama ya kidole gumba, imechorwa kwa kutu kana kwamba ni kitambulisho cha kura, mwenye bunduki alijua jioni yake itakuwaje. Alikuwa ameishika kwa mkono wa jasho na kuirudisha rafuni bila kuipangusa.

Watu hudhani kwamba chuma kinachong'aa kimesalimika. Sivyo. Kuking'arisha kunasaidia kidogo, kwa kuwa uso laini hauna mikwaruzo ya kushikilia unyevu, lakini chuma kilichosuguliwa kiko uchi. Ile rangi nyeusi yenye ubuluu unayoiona kwenye mitutu mingi si rangi ya kupakwa. Mafundi huitengeneza kwa kukiacha chuma kishike kutu kwa kipimo, kisha kukichemsha na kukisugua, wakirudia rudia, mpaka kijifanyie ngozi nyeusi. Wengine hutumia dawa za chumvi zilizochemshwa. Kwa hiyo ngozi ile nayo ni ndugu yake kutu, ila ni kutu iliyofugwa. Hata hiyo haitoshi peke yake. Kazi yake kubwa ni kuyashika mafuta.

Na mafuta nayo yana tabia zao. Ya nazi na ya ufuta, ambayo ndiyo yaliyokuwa karibu na mababu zetu, hukinga kwa muda, kisha huchacha au kugandamana, yakawa gundi inayokusanya vumbi. Mafuta ya cherehani ni mepesi, yanapenya kila mahali, lakini kwa wepesi huo huo yanatiririka na kuondoka, hivyo sharti yarudiwe. Grisi hukaa kwa miaka, na inafaa kwa silaha itakayolala, ila anayetaka kuitumia lazima kwanza aitoe yote ndani ya mtutu, kwa kuwa mtutu wenye grisi unaweza kufura au kupasuka. Mafuta yakizidi, mti wa kitako hulegea na kuoza. Wala ala ya ngozi si mahali pa kulaza chuma, maana dawa zilizotumika kulainisha ngozi zina ukali unaokila, na ngozi yenyewe hunyonya unyevu.

Gobore lina mashariti zaidi. Nieleze kwanza kwa nini gobore, silaha ya kizamani inayoshindiliwa kwa mdomoni, limekaa kwetu muda mrefu hivi. Mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels mwaka 1890 yalikubaliana, pamoja na mambo ya kukomesha biashara ya watumwa, kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume na baruti ya kawaida hazikubanwa kiasi hicho. Kusema kweli waliogopa silaha mpya mikononi mwetu kuliko walivyotuhurumia. Basi Mwafrika akaachiwa silaha ya babu wa Mzungu, na wahunzi wetu wakajifunza kuiga, mpaka wengine wakatumia mabomba ya maji.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na mkaa. Ikilipuka huacha mtutuni masizi yenye chumvi, na chumvi hizo huvuta maji kutoka hewani kwa saa chache tu. Ukipiga asubuhi na kulaza bunduki bila kuisafisha, kesho utakuta vijidoa vyekundu. Na hapa pana jambo ambalo vijana hawaliamini ukiwaambia: dawa yake ya kwanza ni maji. Maji ya moto, mengi, yamiminwe mtutuni mpaka yatoke safi, maana chumvi huyeyuka katika maji, haiyeyuki katika mafuta. Kisha mtutu ukaushwe wakati bado una joto, halafu ndipo yaje mafuta. Anayepaka mafuta juu ya uchafu anaifungia kutu ndani, ikafanya kazi yake gizani huku nje kunang'aa.

Mambo haya mengi sikuyapata jeshini. Nilifundishwa na rafiki yangu mmoja katika wilaya ya Nachingwea, ambaye alikuwa na gobore lenye kibali cha serikali na alikuwa tegemeo la kijiji chake dhidi ya nguruwe pori. Mtu asiyepata kuona shamba la mihogo baada ya nguruwe kupita usiku mmoja asituhubirie juu ya ubaya wa bunduki. Rafiki huyo alifariki mwaka 2003, akaacha mjane na vijana wawili wa kiume, wote niliwafundisha.

Kisheria gobore lilipaswa kurudishwa polisi mara tu mwenye kibali alipofariki. Halikurudishwa. Mjane aliogopa kuulizwa maswali, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo hofu ilivyoongezeka. Alilifunga kwa nguo iliyolowa mafuta, akalilaza juu ya kenchi, ndani ya dari. Kila mwaka baada ya masika alilishusha, akalifungua, akapitisha tambara mtutuni kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, akasugua mtambo na jogoo lake, akapaka mafuta ya cherehani upya. Halikuwa na baruti wala fataki. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alifanya hivyo, alinijibu, "Shemeji, aliniachia nyumba, mikorosho na hicho. Nyumba nimeezeka, mikorosho nimepalilia. Ningekiacha hicho kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka sasa naona lile ni jibu la mtu mwadilifu. Lakini mwaka 2022 mwanawe mkubwa aliomba apewe gobore la baba yake. Kijana huyu si mtu mbaya. Alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani, ugomvi uliofika baraza la kata mara mbili, na alikuwa ameanza kunywa. Alisema ni kwa ajili ya nguruwe. Mdogo wake, mtu wa kanisa, alisema lisiguswe na mtu yeyote, lirudishwe darini bila mafuta, kutu ilimalize. Mama yao akaniita.

Nilipokuwa njiani kwenda huko nilikumbuka jambo tulilosoma chuoni. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Plato anamwonyesha Socrates akizungumza na wenyeji wake juu ya haki. Mzee mmoja tajiri anaona kwamba haki ni kusema kweli na kurudisha ulichoazimwa. Socrates anamuuliza: je, rafiki yako akikukabidhi silaha zake akiwa na akili timamu, kisha akaja kuzidai akiwa amerukwa na akili, utamrudishia? Kila mtu anakubali kwamba hapana. Mfano huo unajulikana. Usiojulikana sana ni ule unaofuata baada ya kurasa chache. Socrates anawabana wenzake mpaka wanakubali kwamba ngao au kisu cha kupogolea kikitumika, anayehitajika ni mwenye ufundi wake, na kwamba haki inahitajika pale kitu kinapowekwa tu, hakitumiki. Anakusudia kuwachekesha na kuwaaibisha, kwamba basi haki ni kitu cha maana kidogo. Mimi naona kwamba, kwa upande wa silaha, mzaha wake umegonga kweli. Siku silaha inapotumika, mambo huwa yamekwisha kumtoka mtu mkononi. Haki ya silaha inapimwa katika ile miaka kumi na tisa iliyolala darini.

Kwa hiyo swali likawa: yule mama, kwa kulitia mafuta gobore mwaka hata mwaka, alikuwa akifanya nini hasa? Mtu anayepaka chuma mafuta anasema, kwa mikono kama si kwa mdomo, kwamba kitu hiki kitatumika tena. Hakuna anayeoza asichokikusudia kukitunza, wala hakuna anayekitunza asichokitarajia kufaa. Mafuta ni ahadi. Mama aliitoa ahadi hiyo kwa marehemu, na hakujua kwamba atakayekuja kuidai ni mwingine, mwenye kinyongo na jirani yake.

Mdogo alijua hivyo, na ndiyo maana alisema iachiwe kutu. Maneno yake yana mvuto, hasa kwa sisi tunaopenda amani. Kutu haina kelele, haihitaji ushahidi mahakamani, haimgombanishi mtu na kaka yake. Lakini nililikataa wazo lake, na nilimwambia hivyo mbele ya mama yake.

Kwanza, kutu haimnyang'anyi mtu silaha. Gobore lenye kutu bado linaweza kubeba baruti. Tofauti ni kwamba ukuta wa mtutu umeliwa, na siku moja moto utatokea ubavuni, usoni mwa aliyelishika na kwa mtoto aliyesimama nyuma yake. Wewe unayesema kutu ilimalize umechagua muda, basi, hukuchagua mwisho. Chuma cha mtutu ni kinene, nawe huenda ukatangulia kufa.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, kuiachia kutu ni kukataa kuamua huku ukijihesabu kuwa umeamua. Nimewaona walimu wa namna hiyo katika kazi yangu. Mtoto anaonewa darasani, mwalimu anasema, waache, watakua, yatakwisha yenyewe. Pengine huisha. Lakini mwalimu huyo hakufanya amani, amekaa tu kando ya vita akisubiri ichoke.

Nikawaeleza habari za majirani zetu ng'ambo ya Ruvuma. Nachingwea ni mahali ambapo wapigania uhuru wa FRELIMO walifunzwa, kwa hiyo wazee wa huko hawahitaji kuambiwa Msumbiji iko wapi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata uhuru wao vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma mwezi Oktoba 1992. Silaha zikabaki, zimefukiwa mashambani na kufichwa majumbani, na nyingi zilikuwa zimefungwa vizuri na kupakwa grisi na watu wasioamini kwamba amani ile itadumu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, chini ya uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianzisha mpango wa kuzibadili silaha ziwe majembe. Mtu alileta bunduki, akaondoka na jembe, baiskeli au cherehani. Hakuambiwa aiachie kutu. Silaha zilikatwa vipande vipande, na baadhi ya vipande wakapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayejulikana kwa jina la Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki, na kiti hicho sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Huko nako, kama kilivyo chuma chochote cha makumbusho, hapana budi kikingwe na unyevu. Yaani bunduki zile bado zinatunzwa zisishike kutu, na wala hakuna anayeona vibaya, kwa kuwa kwanza zilikatwa.

Mkubwa alisikiliza hayo yote akitazama mlango. Alisema, "Mwalimu, hizo ni bunduki za vita. Hili ni la baba." Nilimjibu kwamba ni kweli, na kwamba kama angekuwa na kibali kwa jina lake, na mpaka wa shamba ukiwa umetulia, ningemsaidia mwenyewe kuchemsha maji ya kuliosha. Sidhani kwamba kila bunduki ni uovu. Askari anayelinda raia anawiwa kuisafisha yake, na mlinzi wa mashamba vilevile. Silaha isiyotunzwa mikononi mwa mwenye wajibu nayo ni hatari kwake na kwa wengine. Lakini anayeipaka mafuta lazima ajue anaipaka kwa ajili ya nani, na awe tayari kulijibia hilo. Asipojua, mafuta yake yatamfanyia kazi yeyote atakayefika wa kwanza.

Mwaka huo serikali ilikuwa imetangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, kuanzia mwanzo wa Septemba hadi mwisho wa Oktoba. Nilimshauri mama alipeleke. Alifikiri siku tatu. Siku ya nne alinitumia mjukuu wake, nikamkuta ameketi mkekani, gobore limelazwa juu ya gunia, naye anapitisha tambara la mafuta juu ya jogoo, pale palipokuwa pakishikwa na kidole gumba cha mumewe mpaka chuma kikalainika kama kokoto ya mtoni. Mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza, si kwa ukali, "Mama, la kwenda kuharibiwa unalitia mafuta ya nini?"

Mama hakumjibu. Mimi nilikuwa na majibu mawili kichwani, moja la mwalimu na moja la rafiki wa marehemu, na yalikuwa hayapatani, nikanyamaza. Tulikwenda kituoni siku hiyo hiyo, watatu, kwa gari la abiria, baada ya mdogo kutangulia kuwaarifu polisi ili tusije tukasimamishwa njiani na kufikiriwa vingine. Askari aliyelipokea alikuwa kijana. Alilifungua, akapitisha kidole mtutuni, akakitazama kidole chake, kisha akamtazama mama, akaandika kitabuni.

Mkubwa hakuja. Ugomvi wa mpaka ulikwisha mwaka uliofuata kwa kupandwa minyaa, jirani akipoteza hatua nne na yeye hatua mbili. Tangu siku ile ya kituoni hajaniamkia. Tukikutana sokoni namwita kwa jina, naye huinua mkono kidogo na kupita. Mama yake anasema atapoa. Mimi sijamwambia mama kwamba neno hilo ndilo nililomkatalia mwanawe mdogo. Jumapili ijayo nitakwenda kwa huyo mkubwa mwenyewe, nyumbani kwake, akipenda asipende.